Vivumishi vya Mkopo na Upatanisho: Uchunguzi Mfupi kutoka Pwani ya Malindi na Kilifi

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hufundishwa mapema kwamba kivumishi sharti kipatane na nomino yake: mtu mzuri, watu wazuri, kitu kizuri, vitu vizuri. Kabla wino haujakauka, huambiwa kwamba yako maneno yasiyoifuata kanuni hiyo: kitu safi, vitu safi, kazi rahisi, mambo rahisi, jibu sahihi, majibu sahihi. Anapouliza sababu, jibu huwa moja: hayo ni maneno ya kigeni, yametoka Kiarabu. Jibu hili lina faida ya ufupi, na kwa miaka mingi limetosheleza haja ya vitabu vya shule. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba ugeni wa neno hauelezi kutopatana kwake, na kwamba kinachoamua ni mlango ambao neno liliingilia katika lugha, pamoja na kazi lililopewa baada ya kuingia.

Suala lenyewe si la wataalamu peke yao. Katika shule za Ganze, Kaloleni au Mambrui, wanafunzi wengi hutoka katika nyumba zinazosema Kigiriama au lugha nyingine ya Kimijikenda. Mtoto huyo hufika darasani akiwa tayari na mfumo wa upatanisho: mutu mudzo, atu adzo, kitu kidzo, vitu vidzo. Hana haja ya kufundishwa kwamba kivumishi hupatana na nomino, kwani ameyanyonya hayo pamoja na maziwa ya mamaye. Anachohitaji kuambiwa ni lini kivumishi kisipatane. Hapo ndipo kanuni ya ugeni inapomwacha njiani, kwa sababu inamtaka ajue asili ya kila neno analolitamka, jambo ambalo hata mwalimu wake halijui ila kwa msaada wa kamusi. Shina -refu na neno rahisi huanza kwa sauti moja. -Fupi na fasaha kadhalika. Hakuna lolote katika sauti za rahisi wala za fasaha linalomnong'onezea mtoto kwamba hili limevuka bahari na lile halikuvuka. Akiandika "watoto wajeuri", mwalimu mmoja atampa alama na mwingine atampigia mstari mwekundu, na wote wawili watadai kwamba wanafuata kanuni hiyo hiyo.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Waandishi wa kwanza wa sarufi zetu kwa herufi za Kirumi walikuwa wamisionari, na mmoja wao, Ludwig Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844, akaanzisha kituo cha Rabai miaka miwili baadaye, na kutoa muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Watu wa aina yake walikuwa wamesoma lugha za Mashariki ya Kati kabla ya kusoma lugha yoyote ya Kibantu. Si ajabu basi kwamba jicho lao lilivutwa kwanza na yale waliyoyatambua. Mgawanyo wa vivumishi vya Kibantu vyenye viambishi na vivumishi vya Kiarabu visivyo na viambishi ukapokewa na waliofuata, na ulipofika kwa E. O. Ashton, ambaye sarufi yake ya mwaka 1944 ilitawala vyuo kwa muda mrefu, ulikuwa umekwisha kuwa jambo lisilohojiwa. Hatusemi kwamba mgawanyo huo ni wa uongo. Orodha ya vivumishi visivyopatana kwa kweli imejaa maneno ya Kiarabu. Lakini orodha si sababu.

Kabla ya kuirudia pwani yetu, yafaa tutazame jinsi lugha nyingine zilivyopokea vivumishi vya mkopo. Mfano mzuri ni neno moja la Kifaransa, moderne, lenye maana ya "a kisasa", ambalo liliingia katika lugha nyingi za jamii ya Kijerumani. Kiingereza hakitusaidii hapa, maana vivumishi vyake havipatani na nomino hata vile vya asili. Lakini Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia zina upatanisho, ingawa wao huubandika mwishoni mwa neno badala ya mwanzoni. Katika Kijerumani neno hilo limevaa vazi la wenyeji bila ya taabu: ein modernes Haus, "nyumba ya kisasa", sawasawa na ein rotes Haus, "nyumba nyekundu", ambalo ni neno la asili. Kiswidi husema ett modernt hus, na kwa wingi moderna hus. Kiholanzi nacho hubadilisha modern kuwa moderne panapohitajika. Tukivuka kidogo tu kuingia Denmark, neno lilo hilo halibadiliki hata chembe: et moderne hus, moderne huse. Ugeni wa neno ni mmoja katika lugha zote hizo. Tofauti imetokana na umbo: Wadenmarki walilipokea likiwa na irabu e mwishoni, na katika lugha yao kivumishi kinachoishia kwa e hiyo hakibadiliki, hata kikiwa cha asili, kama vile øde, "pasipo watu". Neno geni halikutengwa. Lilipangwa katika kundi lililokuwapo tayari.

Katika Kijerumani chenyewe mna maneno mawili ya rangi, rosa na lila, ambayo katika lugha sanifu hayachukui upatanisho: ein rosa Kleid, "gauni la rangi ya waridi". Yote mawili yalianza yakiwa majina ya maua, na yote mawili yameishia kwa irabu nzito a ambayo haikubali kubandikwa viishio vya kawaida. (Lila, kwa njia, lilifika Ulaya kutoka Kiajemi kwa kupitia Kiarabu, kwa hiyo ni ndugu wa mbali wa maneno tunayoyazungumzia.) Watu wa kawaida, hata hivyo, hawakuridhika na ukimya huo. Katika mazungumzo husema ein rosanes Kleid, wakitia n katikati ili kiishio kipate pa kushika, na walimu wao huwasahihisha. Waandishi waangalifu hukwepa kwa kuunda neno refu lenye maana ya "-enye rangi ya waridi", ambalo hupatana bila ya shida. Msomaji wa Kiswahili atatambua mambo mawili hapo: msukumo wa wasemaji kutaka kupatanisha kile ambacho sarufi inasema kisipatanishwe, na ujanja wa kuzunguka kizuizi kwa muundo mwingine. Sisi pia tunayo yote mawili.

Lakini sababu ya Wajerumani haiwezi kuwa sababu yetu. Kizuizi chao kiko mwishoni mwa neno, na viambishi vyetu hukaa mwanzoni. Hapana kitu katika sauti za safi kinachoizuia kupokea m- au vi-. Tumesema "visafi" vinywani mwetu kwa majaribio tu, na ulimi haukujikwaa. Sikio ndilo lililokataa. Basi tutafute kizuizi mahali pengine, na njia fupi ya kukifikia ni kupitia hesabu.

Tarakimu za Kiswahili kutoka moja hadi tano, pamoja na nane, hupatana na nomino: watu watatu, vitu vitano, watu wanane. Sita, saba na tisa hazipatani, na zote tatu zimetoka Kiarabu. Mpaka hapo kanuni ya ugeni inasimama imara. Inaanza kuyumba tunapofika kumi, ambalo ni neno la Kibantu lisilo na shaka na ambalo halipatani pia: watu kumi, vitu kumi. Na inaanguka kabisa tunapouliza ni maneno gani yaliyokuwa yakitumika kabla ya sita, saba na tisa kuingia. Jibu tunalo hapa hapa Kilifi. Wagiriama huhesabu handahu kwa sita, fungahe kwa saba, na chenda kwa tisa. Kiswahili cha zamani kilikuwa na ndugu zao: tandatu, fungate na kenda. Fungate bado li hai katika siku saba za maarusi, na kenda halijasahaulika na wazee. Maneno haya, ya Kibantu kama mnazi ulivyo wa pwani, hayakuchukua viambishi vya upatanisho. Sita haikumfukuza mwenyeji aliyekuwa akipatana ili ikae yenyewe bila ya kupatana; ilikikalia kiti kilichokuwa hivyo tangu zamani.

Kwa nini kiti hicho kilikuwa hivyo? Kumi linatuambia. Kumi ni nomino: lina wingi wake, makumi, nalo husimama mbele ya sentensi kama jina lingine lolote. Nomino ina ngeli yake yenyewe, na yenye ngeli yake haiazimi ya jirani. Tunaposema "watu kumi" tunaweka majina mawili ubavu kwa ubavu. Katika lugha za jamii ya Sabaki, yaani Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro, ambazo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walizichunguza kwa upana katika kitabu chao cha mwaka 1993, vivumishi halisi ni vichache, na idadi yake haiongezeki ovyo. Nafasi ya kiambishi cha upatanisho ni mali ya mashina hayo machache pamoja na yale yanayozaliwa kutokana na vitenzi. Neno linaloingia likiwa limekwisha kamilika, liwe la kigeni au la nyumbani, hupangwa pamoja na akina kumi.

Hapa ndipo tunapofika kwenye ushahidi ambao kanuni ya ugeni haiwezi kuumeza. Tuchukue mzizi wa Kiarabu ambao umetupa kitenzi kutii. Kutokana na kitenzi hicho Kiswahili kimejiundia kivumishi kwa kiishio cha Kibantu -fu: -tiifu. Je, hupatana? Hupatana katika kila ngeli: mtoto mtiifu, watoto watiifu, moyo mtiifu, mioyo mitiifu, jeshi tiifu, majeshi matiifu. Kadhalika -aminifu, -adilifu, -sahaulifu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni jozi ya kamili na -kamilifu. Mzizi ni mmoja, asili ni moja, maana zinakaribiana. Lakini kamili limeingia likiwa neno zima, nasi husema vitabu kamili, orodha kamili, watu kamili. -Kamilifu limepitia karakana ya Kiswahili, nasi husema mtu mkamilifu, watu wakamilifu. Kama ugeni ndio uliokuwa ukizuia viambishi, ungalizuia vyote viwili.

Mlango wa kwanza wa kuingilia katika upatanisho, basi, ni kitenzi. Mlango wa pili ni mtu, na huu ndio wenye mambo mengi.

Tutazame tajiri. Katika Kiarabu neno hili humaanisha mfanyabiashara. Kwetu limekuwa mwenye mali. Tunasema "watu matajiri", lakini tunasema "nchi tajiri", na mtu akiandika "nchi matajiri" atarudishiwa karatasi yake. Vivyo hivyo twasema "viongozi mafisadi" na "askari makatili", lakini "utawala fisadi" na "sheria katili". Wengi wameliona jambo hili wakalipita haraka. Tulitulie kidogo. Nomino watu ni ya ngeli ya M-WA, na kivumishi kinachopatana nayo huchukua wa-. Ma- ya matajiri haikutoka kwa watu. Ni wingi wa tajiri lenyewe, kama mashujaa ulivyo wingi wa shujaa. Kwa hiyo "watu matajiri" si nomino na kivumishi chake. Ni nomino mbili, watu ambao ni matajiri, sawa na "wachezaji mabingwa". Na mahali ambapo hapana mtu wa kuitwa tajiri, kama katika nchi, nomino hiyo haina pa kusimama, na neno hubaki bila ya wingi.

Kipimo cha jambo hili ni chepesi, na mwalimu anaweza kukitumia ubaoni. Neno lisimamishwe peke yake mbele ya kitenzi cha mtu. "Tajiri amefika": sentensi imekubali. "Maskini amefika", "fisadi amefika": zimekubali. "Rahisi amefika", "kamili amefika", "muhimu amefika": zimekataa. Maneno yanayokubali ni yale yanayotaja aina ya mtu, na hayo ndiyo yanayopata wingi yanapofuatana na watu. Yanayokataa hubaki kama yalivyo. Maskini pekee huonekana kuivunja safu, kwani kwa wingi hatusemi "mamaskini". Nadhani sababu ni kwamba neno limekuja na ma- yake kutoka kwao, nalo likahesabiwa kuwa limekwisha kuvaa.

Kundi la tatu ni gumu zaidi, kwa kuwa hapa kiambishi ni kile kile cha upatanisho. Mjeuri, wajeuri, mfidhuli, wafidhuli, mnafiki, wanafiki. Tunasema "watoto wajeuri", na wa- ya wajeuri inalingana na wa- ya watoto kama wazuri inavyolingana. Mtu aweza kudai kwamba hapa kivumishi cha Kiarabu kimepata upatanisho kamili. Lakini tukitoka katika watu tukaingia katika vitu, dai hilo linasita. Hatusemi "neno ljeuri" wala "vitendo vijeuri". Tunasema majibu ya kijeuri, lugha ya kifidhuli, tabia ya kinafiki, na kwa jamii ya akina tajiri, vitendo vya kikatili na maisha ya kitajiri. Muundo huu wa -a ki- ndio ujanja wetu wa kuzunguka kizuizi, na kazi yake ni ile ile ya neno refu la Wajerumani la rangi ya waridi: panapohitajika kupatana, neno lingine huibeba kazi hiyo. M- ya mjeuri ni ya kumtaja mtu. Ni kiambishi cha nomino ambacho kwa bahati kinafanana na cha upatanisho.

Je, twaweza kulithibitisha hilo bila ya kutegemea vitu vya ngeli za mbali? Twaweza, kwa sababu lugha imetupa ngeli mbili zenye m- katika umoja. Mtu yumo katika M-WA na mji umo katika M-MI, na kivumishi halisi hakitofautishi: mtu mzuri, mji mzuri. Sasa tulitie neno safi. Katika mazungumzo ya leo, hasa Tanzania, "mtu msafi" na "watu wasafi" ni maneno ya kila siku, na Wasafi limekuwa hata jina la kampuni maarufu ya muziki ya Dar es Salaam. Lakini "mji msafi" ni geni masikioni. Mji ni safi, na miji ni safi. Kiambishi ni kile kile, sauti ni zile zile, na safi ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mtu anaweza kuitwa msafi, na mji hauitwi hivyo.

Ushahidi mwingine watoka katika maneno ambayo Waarabu wenyewe waliyapa mu- mwanzoni. Muallim amekuwa mwalimu, na kwa wingi walimu. Munafiq amekuwa mnafiki, wanafiki. Mu- yao ilisomwa kama m- yetu, ikabadilishwa na wa- kwa wingi. Lakini muhimu, mujarabu na mubashara, yenye mu- iyo hiyo, hayakuguswa: mambo muhimu, dawa mujarabu, matangazo mubashara. Hata tunapozungumzia watu twasema watu muhimu, na hapana aliyepata kusema "wahimu". Kama umbo lingekuwa ndilo linaloamua, maneno haya yote yangalikwenda njia moja. Yaliyotaja watu yalikwenda huku, na yaliyopima mambo yalibaki kule.

Nimeacha kwa makusudi maneno matatu ambayo, kwa maoni yangu, yana thamani kuliko mengine yote, kwa kuwa yamefinyangwa kwa kalibu moja huko yalikotoka: dha'if, khafif, nadhif. Kwetu yamekuwa dhaifu, hafifu, nadhifu. Yote matatu yameishia kwa -fu, na kwa hiyo sikio la msemaji laweza kuyaweka pamoja na -tiifu na -kamilifu, kana kwamba yametoka katika karakana yetu. Iwapo kufanana huko kungetosha, yote matatu yangeanza kupatana. Lakini dhaifu na nadhifu ndiyo yaliyoanza: mtu mdhaifu, watu wadhaifu, kijana mnadhifu. Hafifu limebaki pale pale: mwanga hafifu, sauti hafifu, mapato hafifu. Mwanga na mapato si watu. Dhaifu nalo likirudi kwa vitu hurejea hali yake, nasi husema hoja dhaifu na kuta dhaifu. Umbo limefungua mlango, lakini aliyepita ni yule tu aliyekuwa na mtu ndani yake.

Historia ya Malindi inatuletea mfano wa upande wa pili, nao warudi katika jamii ya lugha tuliyoianzia, ile ya Kifaransa na ndugu zake. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, na Wareno walikaa katika pwani hii, kwa amani na kwa vita, hadi walipopoteza Ngome ya Yesu mwaka 1698. Miaka mia mbili ni muda wa kutosha kukopa maneno, nasi tulikopa: meza, bendera, karata, leso, foronya, mvinyo, gereza. Karibu yote ni majina ya vitu. Mwenye kutafuta kivumishi cha Kireno kilichopata kuishi katika Kiswahili atarudi mikono mitupu. Waswahili waliwanunulia Wareno vitu, wakachukua na majina ya vitu hivyo. Hawakukaa nao misikitini, wala hawakuwa na makadhi wa dini moja, wala mikataba ya biashara ya vizazi na vizazi, mahali ambapo watu hujifunza kusema lililo halali, lililo sahihi na lililo ghali. Hata hivyo, neno moja lapaswa kutajwa, nalo ni jina la Wareno wenyewe. Linahusishwa na reino, yaani "ufalme", ambao walijivunia kutoka. Lilipoingia kwetu lilimtaja mtu, na papo hapo likapata nguo zote: Mreno, Wareno, Kireno, Ureno. Ugeni wa asili yake haukulizuia hata siku moja. (Kiitaliano, ambacho tangu miaka ya sitini ya karne iliyopita kimesikika sana katika mji huo huo wa Malindi, kinastahili makala yake chenyewe.)

Huenda msomaji akauliza kama haya yote yana uzito wowote nje ya darasa la isimu. Yanao, na uzito wake ni wa aina mbili. Kwanza, hoja ya kwamba vivumishi vya Kiarabu ni wageni wasiokubali kuvaa nguo za nyumba imetumiwa mara nyingi kuonyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya mchanganyiko, nusu huku na nusu kule. Sarufi yenyewe haisemi hivyo. Kiswahili hakikujenga chumba kipya kwa ajili ya safi na rahisi. Kiliwapeleka katika chumba ambamo kumi na fungate walikuwa wamekaa tangu kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga Mambrui. Upangaji huo ni wa Kibantu, hata kama waliopangwa si Wabantu.

Pili, ni suala la haki ya mwanafunzi. Mtahini anayekata "watu wadhaifu" kwa hoja kwamba dhaifu ni neno la Kiarabu, kisha akapitisha "watu wanafiki" na "watoto watiifu" katika ukurasa huo huo, amemhukumu mtoto kwa sheria ambayo yeye mwenyewe haitimizi. Kamusi nazo zina sehemu yake. Desturi ya kuweka kistari mbele ya shina linalopatana, na kuliacha bila ya kistari lile lisilopatana, ni desturi nzuri iliyoenezwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Lakini inatoa nafasi mbili tu mahali ambapo lugha ina tatu. Tungependekeza kwamba maneno ya aina ya dhaifu, nadhifu, jeuri na safi yaandikwe mara mbili: mara moja yakiwa vivumishi visivyo na kistari, na mara ya pili yakiwa nomino za watu, pamoja na wingi wake. Mwalimu wa Ganze akiyakuta hivyo hatahitaji kumweleza mwanafunzi habari za Uarabuni. Atamwambia aulize kama anamtaja mtu.

Libaki jambo moja ambalo nadharia hii haijalifunga. Twasikia "moyo mkaidi", na si mara chache. Moyo si mtu; ni wa ngeli ya M-MI, kama mji. Yawezekana kwamba kaidi, ambalo ni kitenzi pia, limepita mlango wa kwanza bila ya sisi kuliona, likiwa ndugu wa mbali wa -tiifu. Yawezekana pia kwamba moyo, kwa kuwa hutenda na kukataa kama mtu, umepewa heshima ya mtu. Umoja hautatuambia ni lipi, kwa sababu m- ni moja. Wingi ndio utakaotuambia. Akitokea mzee wa Malindi, wa Takaungu au wa Mambrui akasema bila ya kusita "mioyo mikaidi", basi kaidi limekwisha kuwa shina kamili, na mipaka niliyoichora hapa itabidi isogezwe. Akisema "mioyo ya kikaidi", basi ipo mahali pake. Mimi nikilitamka la kwanza ulimi wangu husita, lakini ulimi wa mtu mmoja si ushahidi. Kazi hii yahitaji kinasa sauti, na subira ya kukaa barazani bila ya kuuliza swali lenyewe.